UZI: Barua ya mbunge wa jimbo (Pennsylvania): yaliyomo, kazi za bure za ofisi yake, na pale watu wanapokwama

MkalimaniPA (mwanzisha uzi)

Wakuu, barua za wabunge zimeanza kuingia tena masandukuni. Ile karatasi ya rangi, mtu anatabasamu mbele ya jengo lenye kuba la kijani. Watu wetu wengi Erie, Lancaster, Harrisburg na Pittsburgh wanaitupa wakidhani ni kampeni. Geuza upande wa nyuma kwanza, mali iko huko: kurudishiwa kodi ya majengo au pango, msaada wa kupasha nyumba joto, dawa za wazee, basi la bure, fedha zilizosahauliwa.

Bunge la jimbo, lililoko Harrisburg, lina wawakilishi 203 na maseneta 50. Kila mmoja ana ofisi huku mitaani, na makarani wake wanalipwa na jimbo kusaidia wakazi. Hakuna ada. Hawaulizi ulimpigia nani kura, na uraia si sharti. Sharti ni kuishi katika eneo lake, kwa hiyo nenda na kitu chenye anwani yako. Humjui mbunge wako? Ingiza anwani kwenye tovuti ya bunge, palegis.us, utapata majina mawili: mwakilishi na seneta. Chagua mmoja. Ukiwapa wote wawili shida moja, idara inapokea maulizo mawili na inatoa jibu lilelile.

Kosa kubwa kuliko yote ni kumpelekea mbunge wa Harrisburg shida ya Washington, yaani ya serikali kuu ya Marekani. Grini kadi, uraia, pasipoti, kumleta mke au mtoto, Social Security (pensheni), Medicare (bima ya afya ya wazee), kodi ya IRS: hayo ni ya mbunge wa Washington au seneta wa Washington, nao pia wana makarani. Wa Harrisburg anashughulikia idara za jimbo: leseni na hati za magari (PennDOT), fudistampu (msaada wa chakula) na Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo (ofisi ya kaunti), malipo ya kukosa kazi, vyeti vya kuzaliwa, kodi ya jimbo.

Wenye ujuzi wa kila eneo wamwage mambo hapa chini. Namba na hatua, tafadhali, siasa tuziache kwenye uzi mwingine.

---

Uvira2Erie

Asante ndugu. Hiyo ya kurudishiwa pango, kweli na mpangaji anapata? Kwetu tunaambiwa ni ya wenye nyumba tu.

---

KaraniWaFomu

Mpangaji anapata, na ndiye anayeikosa sana kwa sababu ya maneno hayohayo. Fomu inaitwa PA-1000.

Wanaostahili ni wenye miaka 65 au zaidi, wajane na wagane kuanzia 50, na wenye ulemavu kuanzia 18. Umri unahesabiwa kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka unaodaiwa, na unaohesabika ni ule ulio kwenye hati. Hapa wakimbizi waangalie vizuri. Wazee wengi wameandikwa kuzaliwa 01/01, kwa hiyo mzee aliyeandikwa 01/01/1960 amestahili kwa mwaka wote wa 2025, hata kama nyumbani wanajua alizaliwa wakati wa mavuno.

Zamani kikomo cha kipato kilikuwa dola 35,000 kwa mwenye nyumba na dola 15,000 tu kwa mpangaji. Sheria ya 2023 ikawaweka wote kwenye 45,000, na tangu hapo kikomo kinapanda kila mwaka na gharama za maisha. Kwa madai ya 2024 kilikuwa 46,520. Tazama fomu ya mwaka unaoudai, usitumie namba za jirani. Nusu ya Social Security na SSI (msaada wa wazee na wenye ulemavu wenye kipato kidogo) haihesabiwi. Fudistampu na msaada wa joto havihesabiwi kabisa.

Viwango vya madai ya 2024: kipato hadi 8,270 unapata hadi dola 1,000, hadi 15,510 ni 770, hadi 18,610 ni 460, hadi 46,520 ni 380.

Tufanye hesabu. Mama anapokea Social Security dola 1,400 kwa mwezi, yaani 16,800 kwa mwaka. Nusu ni 8,400. Amepita 8,270 kidogo, kwa hiyo yuko ngazi ya 770. Sasa pango. Jimbo linachukulia asilimia 20 ya pango uliyolipa kuwa ndiyo kodi ya majengo. Akilipa 750 kwa mwezi ni 9,000 kwa mwaka, asilimia 20 ni 1,800, basi anapata 770 yote. Akiwa nyumba ya ruzuku na sehemu yake ni 300 kwa mwezi, hiyo ni 3,600, asilimia 20 ni 720, na 720 ndiyo atakayopata. Sehemu inayolipwa na serikali huruhusiwi kuiweka. Hapo ndipo fomu nyingi zinapunguzwa, halafu mtu anadhani kaibiwa.

Miezi uliyopokea msaada wa fedha taslimu kutoka ofisi ya kaunti inatolewa kwenye hesabu. SSI haimo katika hilo, msichanganye.

Mpangaji lazima aambatishe PA-1000 RC, cheti cha pango kilichosainiwa na mwenye nyumba. Anayeomba mara ya kwanza aweke nakala ya uthibitisho wa umri, leseni au kitambulisho cha jimbo kinatosha, na mwenye ulemavu aweke barua ya ulemavu. Malipo huanza kutoka Julai mosi. Mwisho wa kuomba ni 30 Juni, na kwa miaka mingi wamekuwa wakisogeza hadi 31 Desemba, lakini kutegemea kusogezwa ni kamari. Unaomba upya kila mwaka! Wengi waliomba mara moja, wakapata, wakakaa kusubiri ijayo ije yenyewe.

---

DadaParade

Niongeze kwa hii ya PA-1000. Fomu zinazorudi nyingi zina shida ya majina. Mtu ana majina matatu, kadi ya Social Security inaanza na Bahati, cheti cha pango kinaanza na la ukoo, akaunti ya benki ina mawili tu. Andika kama yalivyo kwenye kadi ya Social Security, kwa mpangilio uleule, na mwambie mwenye nyumba aandike hivyohivyo.

Baada ya kutuma, usiende ofisini kila wiki. Kwenye tovuti ya idara ya kodi ya jimbo kuna sehemu ya kufuatilia, unaweka namba ya Social Security, mwaka na tarehe ya kuzaliwa. Ukiona wanaomba karatasi, hapo sasa kimbia kwa karani wa mbunge na ile barua mkononi.

---

TotoLaKigoma

Na mwenye nyumba akikataa kusaini? Wengi wanaogopa, wanadhani serikali inawachunguza kodi zao.

---

KaraniWaFomu

Kukataa kwake hakukuzuii. Kwenye fomu hiyohiyo ya RC kuna sehemu ya kiapo cha mpangaji. Unaandika kwa nini saini haikupatikana, unasaini mbele ya notari (mthibitishaji wa saini), unaambatisha stakabadhi au hundi ulizolipia. Uliza ofisi ya mbunge kabla ya kumlipa notari wa dukani, maana nyingi zinaye wa kwao na hawatozi. Ukilipa pango taslimu bila risiti, hapo ndipo kazi inakuwa ngumu kweli. Kuanzia mwezi huu dai risiti, hata ya kuandikwa kwa mkono, yenye mwezi, kiasi na saini.

Sharti moja linasahaulika: nyumba yenyewe iwe inalipiwa kodi ya majengo, au mwenye nayo awe na makubaliano ya kulipa badala yake. Nyumba za mamlaka ya makazi zina majibu tofauti, kwa hiyo uliza ofisi ya nyumba kwanza. Jibu ni la ndiyo au hapana, wanalijua.

---

Mzee_wa_Boila

Nichukue joto. Msaada wa kupasha nyumba joto unaitwa LIHEAP, wengine wanaiita "laihipu".

Iko ya aina mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ruzuku ya kawaida, ambayo misimu ya karibuni imekuwa dola 200 hadi 1,000 kulingana na kipato, idadi ya watu na aina ya nishati. Huhitaji kuwa na deni. Ya pili ni ya dharura: umepata notisi ya kukatiwa, mafuta ya tenki yanakaribia kuisha, au tanuru limekufa. Nayo imekuwa na kikomo cha dola 1,000 kwa msimu, na unaweza kuiomba zaidi ya mara moja hadi kikomo kiishe. Kipato kisizidi asilimia 150 ya mstari wa umaskini. Msimu kwa kawaida hufunguliwa Novemba na kufungwa Aprili, lakini hutegemea fedha za Washington, na zikichelewa nao unachelewa.

Kwa kawaida fedha haziji mkononi mwako, zinakwenda kwa kampuni ya gesi, umeme au muuza mafuta. Kwa hiyo namba ya akaunti kwenye fomu ikikosewa tarakimu moja, fedha zinazunguka miezi. Nakili kutoka kwenye bili, usiandike kwa kukumbuka.

Unaombea nishati kuu inayopasha nyumba. Tanuru la gesi linahitaji umeme ili feni isukume hewa, sivyo? Basi umeme ukitaka kukatwa, dharura inaweza kuusaidia pia, kwa kuwa bila umeme tanuru haliwaki. Liseme hilo wazi kwenye ombi, karani wa kaunti hawezi kuliotea.

Bili ikiwa kwa jina la mwenye nyumba, au joto likiwa ndani ya pango, bado omba. Utatakiwa mkataba wa pango au barua inayoonyesha hivyo.

Halafu kuna kinga ya baridi. Kuanzia 1 Desemba hadi 31 Machi, kampuni za umeme na gesi zilizo chini ya PUC (tume ya jimbo inayozisimamia) haziwezi kumkatia mwenye kipato kisichozidi asilimia 250 ya mstari wa umaskini bila ruhusa ya PUC. Deni lenyewe halifutwi. Linakua kimyakimya, Aprili mosi wanakuja. Kwa hiyo wakati wa kinga ndio wakati wa kuiomba kampuni ikuweke kwenye CAP, mpango wa bili ya chini kwa wenye kipato kidogo. Ukiona notisi, piga kampuni kwanza, mkishindwana piga PUC kabla ya siku ya kukatwa. Mafuta ya tenki hayamo kwenye kinga hii.

---

Lancaster_Kwetu

Hiyo ya tanuru na umeme ingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye barua za wabunge. Wanaweka picha tano za mbunge akikata utepe, maelezo ya joto mistari miwili.

---

Uvira2Erie

Na fudistampu? Kuna watu wamekatwa na wanaambiwa ni sheria mpya. Mbunge anaweza kurudisha?

---

MkalimaniPA

Tutenganishe sababu tatu za kukatwa, maana dawa zake ni tofauti.

Sababu ya kwanza ni karatasi. Katikati ya kipindi chako inakuja fomu ya nusu mwaka, SAR. Usipoirudisha kwa wakati kesi inafungwa yenyewe, hata kama hakuna kilichobadilika nyumbani. Au ofisi ya kaunti ilipiga simu ya mahojiano, namba ngeni, hukupokea. Hapa karani wa mbunge anasaidia sana. Atakusainisha ridhaa ya faragha, atachukua namba ya kesi, atauliza idara. Mpe pia lugha yako na simu inayopatikana.

Sababu ya pili ni sharti la kazi. Sheria ya Washington ya 4 Julai 2025 imelipanua hadi miaka 64, na mzazi anasamehewa tu kama ana mtoto chini ya miaka 14. Asiyesamehewa aonyeshe saa 80 kwa mwezi za kazi, mafunzo au kujitolea, la sivyo anapata miezi mitatu tu ndani ya miaka mitatu. Mgonjwa asikae kimya: kuna fomu ya daktari kuthibitisha kuwa huwezi kufanya kazi.

Ya tatu inawagusa watu wetu hasa. Sheria hiyohiyo imewaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawana grini kadi. Mbunge wa Harrisburg hawezi kulirudisha hilo, wala karani wa kaunti si mkorofi kwa kulitekeleza. Njia iliyopo ni grini kadi. Mkimbizi anaomba baada ya mwaka mmoja nchini kwa fomu I-485, na ikitoka anastahili mara moja. Ile miaka mitano ya kusubiri haimhusu aliyeingia kama mkimbizi. Ukiambiwa usubiri miaka mitano, omba jibu kwa maandishi na ukate rufaa. Siku kadi ikifika, peleka nakala kaunti siku hiyohiyo, hawapati taarifa wenyewe.

Watoto waliozaliwa hapa ni raia, ombi lao linaendelea hata wazazi wakiondolewa. WIC (chakula cha wajawazito na watoto wadogo) haiulizi hali ya uhamiaji. Kifungua kinywa cha shuleni ni bure kwa mwanafunzi yeyote wa shule ya umma Pennsylvania. Medicaid ina mabadiliko kama hayo kwa wakimbizi kuanzia 1 Oktoba 2026, kwa hiyo wenye mwaka mmoja tayari wasichelewe na I-485.

Nyumba isiyo na chochote iombe haraka: kipato cha mwezi chini ya 150 na akiba isiyozidi 100, au pango na bili vikizidi kipato na akiba kwa pamoja. Hapo Pennsylvania inatakiwa kutoa ndani ya siku 5, si 30. Ombi linafanywa COMPASS (tovuti ya maombi ya jimbo) au ofisi ya kaunti. Tuma hata kama vielelezo havijakamilika, kwa sababu tarehe ya kupokelewa ndiyo inayohesabika.

Mkalimani ni haki na ni bure. Sema tu "Swahili", kisha nyamaza usubiri. Msiwatumie watoto. Mtoto wa darasa la sita akitafsiri "kipato ghafi" vibaya, nyumba nzima inakatwa.

---

DadaParade

Na mbadilishe namba ya siri ya kadi ya EBT, ile inayoingiziwa fudistampu. Wezi wanabandika kifaa kwenye mashine ya dukani, wanasubiri siku fedha zinaingia. Tangu 20 Desemba 2024 Washington imeacha kufidia fudistampu zilizoibwa, ukiibiwa basi. Pennsylvania fedha huingia katika siku kumi za kwanza za kazi za mwezi, kulingana na tarakimu ya mwisho ya namba ya kesi. Badilisha namba usiku wa kuamkia siku yako, na funga kadi kwenye programu ya ConnectEBT ukiwa huitumii.

---

Nyamwezi_Philly

Wazee tusiwasahau. PACE na PACENET ni za dawa, fedha zake zinatoka bahati nasibu ya jimbo. Umri 65, uwe umeishi Pennsylvania angalau siku 90. PACE: kipato cha mwaka uliopita hadi 14,500 kwa asiye na mwenzi, 17,700 kwa wanandoa. PACENET inafika 33,500 na 41,500. Kwenye PACE unachangia dola 6 kwa dawa isiyo ya chapa (generic) na 9 kwa ya chapa. Kwenye PACENET ni 8 na 15. Anayepata dawa kwa Medicaid hastahili, asipoteze muda.

Basi ni bure kwa wenye 65. Unahitaji kadi ya wazee. Hapa Philadelphia ofisi nyingi za wabunge zinapokea ombi la kadi ya SEPTA (mabasi na treni za hapa) papo hapo, nenda na uthibitisho wa umri. Magari ya kuchukuliwa mlangoni mzee analipa asilimia 15 tu ya nauli, lakini anajiandikisha kwanza na anaagiza mapema. Usimwambie mzee apige simu asubuhi ya siku ya hospitali.

---

KaraniWaFomu

Wanaofanya kazi viwandani, jambo lenu ni Schedule SP. Kodi ya jimbo ni asilimia 3.07 kwa kila mtu, lakini wenye kipato kidogo wanasamehewa. Mume, mke na watoto wawili wanaweza kufika 34,250 na bado wapate msamaha fulani. Mzazi mmoja na watoto wawili, 27,750. Msamaha hauji wenyewe, lazima Schedule SP iambatane na PA-40, fomu ya kodi ya jimbo. Watayarishaji wa msimu wanaruka ukurasa huu kwa haraka zao. Fungua fomu zako za mwaka jana uangalie, kwani unaweza kurekebisha.

Kuna na nafuu mpya ya kodi kwa wafanyakazi, imeingia na bajeti iliyosainiwa 12 Novemba 2025. Ni asilimia 10 ya ile ya Washington iitwayo EITC, hadi dola 805, kuanzia kodi ya mwaka 2025. Ukistahili EITC unastahili na hii. Vituo vya VITA (wajazaji kodi wa kujitolea) wanajaza vyote bila malipo.

---

TotoLaKigoma

Na hizi fedha zilizosahauliwa, si utapeli?

---

Nyamwezi_Philly

Ni za kweli, ziko Hazina ya jimbo: mshahara wa mwisho ambao hukuuchukua, amana ya umeme ya nyumba ya zamani, akaunti iliyolala. Tafuta jina lako kwa tahajia zote ambazo waajiri wamekuandika, hasa wenye "ng'" na "mw" mwanzoni. Tangu sheria ya 2024, kiasi hadi dola 500 cha mwenye mmoja kinaweza kutumwa bila kuomba. Inakuja barua kwanza, halafu hundi. Barua ya Hazina msitupe. Hazina haitozi, na anayekupigia akitaka "ada ya kufungua" ni mwizi.

---

Lancaster_Kwetu

Swali la mwisho kwangu: mtu kakataliwa malipo ya kukosa kazi, karani wa mbunge kasema atafuatilia. Asubiri?

---

MkalimaniPA

Asisubiri hata kidogo. Rufaa ya malipo ya kukosa kazi ina siku 21 kuanzia tarehe iliyo kwenye barua, si siku uliyoipokea, na maulizo ya mbunge hayasimamishi saa hiyo. Akate rufaa leo, sentensi moja inatosha: "Sikubaliani na uamuzi, naomba kusikilizwa, nahitaji mkalimani wa Kiswahili." Ahifadhi uthibitisho wa kutuma. Kisha amjulishe karani kuwa rufaa imeingia. Na aendelee kujaza dai la kila wiki muda wote kesi inapoendelea. Akishinda rufaa lakini wiki hazikujazwa, hizo wiki hazilipwi.

Fudistampu, Medicaid na joto ni vivyo hivyo, ila siku zake ni tofauti. Zimeandikwa kwenye barua yenyewe, mara nyingi ukurasa wa pili, pamoja na tarehe ya mapema zaidi ya kukata rufaa ili msaada usikatwe wakati unasubiri. Izungushie kalamu hiyo tarehe ya mapema.